Wachimbaji wa El Paso wamerudi: furaha ni ya wote, faida ni ya nani?

Juma hili, saa ya kubadilisha posti, watu wa usiku wakitoka na wa asubuhi wakiingia, kijana mmoja wa kazi alitukimbilia na telefone mkononi: «Ba yaya, angalieni! Ba Miners ba Amerika barudia, kisha miaka saba!» Sisi wa sendika tulifurahi mbio. Tulifikiri wachimbaji wa kule walifukuzwa na kampani, wakafanya grève miaka saba, na sasa wamerudishwa kazini. Tukamwuliza: «Banawalipa ngapi?» Kijana akacheka mpaka akashika tumbo. Kumbe ni mpira.

Lakini swali letu halikuwa la bure. Tulipofuata habari hiyo vizuri, tuliona kwamba «wanawalipa ngapi?» njo swali lenyewe ambalo Marekani nzima inajiuliza mwaka huu wa 2021 juu ya vijana kama hao. Mahakama yao kubwa imelisema, ofisi yao ya kazi imelisema, na wachezaji wenyewe wanalisema. Ndiyo sababu tunaleta habari hii mbele ya wandugu wa kazi na jamaa zao. Inatoka mbali, lakini inapita karibu sana na mlango wetu.

Ekipe yenye jina letu

Kwanza tusikilizane. Mpira tunaousema si ule wa Mazembe na Lupopo. Ni mpira wa Kiamerika: balo ina sura ya yai, wachezaji wanavaa kofia ngumu, wanagongana kwa mabega, 11 kwa 11. Kule wako wachezaji wa kulipwa, lakini pembeni yao kuna mashindano ya iniversite ambayo ni makubwa vilevile. Iniversite nyingine zina stade inayopita viti 100.000, na inajaa.

Ekipe ya Miners ni ya Iniversite ya Texas ya El Paso, wanayoiita UTEP. El Paso ni mji wa mpaka. Ukivuka mto Rio Grande uko Ciudad Juárez, nchi ya Mexico, kama vile mtu anavyotoka Kasumbalesa akaingia Zambia. Iniversite hiyo ilifunguliwa 1914 kuwa shule ya migodi na ya kuyeyusha madini. Leo inafundisha kila kitu, na zaidi ya 80 kwa mia ya wanafunzi ni watu wenye asili ya Mexico na nchi zingine za Amerika ya Kilatini. Jina la ekipe tu halikubadilika: Miners, maana yake Wachimbaji. Mashabiki wakitaka kuwapa nguvu wanapiga kelele: sururu juu!

Jina hilo si la mapambo. Karibu na masomo hayo kulikuwa fonderi ya shaba na ya risasi iliyoanza 1887, ambayo kisha ilikuwa ya kampani ya ASARCO. Wafanyakazi wake, wengi wenye asili ya Mexico, waliishi na jamaa zao chini ya moshi, kwenye kartiye iliyoitwa Smeltertown, maana yake kijiji cha fonderi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 waganga walipima damu ya watoto wa pale, wakakuta risasi nyingi. Watu wakahamishwa, nyumba zikabomolewa. Fonderi yenyewe ilisimamisha kazi 1999. Tarehe 13 Aprili 2013 ile cheminée yao kubwa, yenye kupita metre 250, ikaangushwa kwa baruti watu wakiangalia. Sisi tunaoamka kila siku tukiona cheminée na terril ya Lubumbashi, hatuna haja ya kuelezwa zaidi.

Masomo hayo yaliisha kuonyesha roho ngumu. Mwaka 1966, wakati yalikuwa yanaitwa Texas Western, ekipe yao ya basketi ilifika finale ya nchi nzima. Mwalimu wao Don Haskins, mzungu, alianza mechi na weusi watano. Haikuwa imefanyika hata siku moja kwenye finale ile. Upande wa pili Kentucky walikuwa wazungu wote. Wachimbaji wakashinda, 72-65. Watu wa nchi ile wanahesabu usiku huo kati ya siku zilizofungua mlango kwa mchezaji mweusi.

Kutoka sifuri mpaka sita

Sasa tuje kwenye mpira wa balo ya yai. Kila ekipe inacheza mechi 12. Ukishinda sita, unaruhusiwa kuitwa kwenye mechi moja ya mwisho wa mwaka inayoitwa bowl. Neno lenyewe maana yake ni bakuli, juu ya sura ya stade za zamani zilizokuwa kama bakuli. Usiposhinda sita, unarudi nyumbani, Noeli unaiangalia kwenye televisheni.

Miners walikuwa wa kurudi nyumbani. Bowl yao ya mwisho ilikuwa 2014. Mwaka 2017 walicheza mechi 12, wakapigwa 12. Mwalimu aliacha kazi katikati ya msimu, wakamwita mzee aliyekuwa amekwisha kupumzika aje kushika usukani. Kisha akaja Dana Dimel. Mwaka wake wa kwanza, 2018, walishinda moja tu. Wakati ule walikuwa wamefikisha mechi 20 za kupigwa mfululizo mbele ya kushinda. Mwaka 2019, moja tena. Mwaka 2020, wa korona, tatu. Mtu yeyote aliyekaa kwenye kariere iliyosimama, akingoja kila mwezi kusikia kama kazi itaanza, anajua ni roho gani inatakiwa ili kuamka asubuhi na kwenda mazoezi wakati watu mjini wanakucheka.

Mwaka huu walianza tofauti. Tarehe 16 Oktoba, nyumbani, walipiga Louisiana Tech 19-3. Ilikuwa ushindi wa sita katika mechi saba. Bakuli limefunguliwa! Kisha nguvu ikapunguka, wakapoteza nne katika tano za mwisho, wakamaliza 7 kwa 5. Lakini mlango ulikuwa wazi. Jumamosi tarehe 18 Desemba, kwenye mji wa Albuquerque, wakacheza na Fresno State. Walipigana mpaka mwisho, wakapoteza 31-24.

Walipoteza, ndiyo. Na tena, mara ya mwisho Miners kushinda bowl ni 1967. Tangu hapo wamecheza saba, wamepigwa saba. Angalieni mwaka huo: 1967 njo mwaka Englebert yetu, tunayoiita leo Mazembe, ilichukua kombe la Afrika mara ya kwanza. Njo mwaka pia Union Minière iligeuka kuwa kampani ya Serikali. Mazembe walichukua tena 1968, kisha wakangoja miaka 41 mpaka 2009. Wazee wetu wanakumbuka mji ulivyolia na kucheka siku ile. Mwaka 2021 watu wa El Paso walikuwa bado wanangoja, miaka 54. Na uchungu wao uko na kitu cha pekee: stade yao wenyewe, kila mwisho wa mwaka, inapokea bowl moja ya zamani sana, Sun Bowl, iliyoanza 1935. Wageni wanakuja kucheza nyumbani kwao, wenye nyumba wanaangalia. Kwa hiyo hata kupigwa kule Albuquerque, kwao ni kurudi kati ya watu.

Sisi hatutaki kuharibu furaha hiyo. Kijana aliyepigwa mechi 20 kisha akasimama kwenye uwanja wa bowl, ameshinda kitu ambacho hakuna mtu atamnyang'anya. Lakini kazi ya sendika ni kuuliza swali la pili, watu wakiwa bado wanacheza ngoma.

Bakuli ni la nani?

Bowl ziko zaidi ya 40. Kwa nini nyingi hivyo? Juu Desemba watu wako nyumbani, baridi ni kali, televisheni inatafuta kitu cha kuonyesha. Ile bowl ya Albuquerque haiko ya mji, wala ya iniversite. Mwenyewe ni kampani ya televisheni, ESPN. Mwaka huu ilibeba jina la mchezo wa vita wa kwenye telefone, PUBG Mobile, juu hao ndio waliolipa publicité. Basi fuateni mnyororo. Mchezaji anacheza, iniversite inaleta ekipe, televisheni inaonyesha, wenye biashara wanalipa. Mwaka 2021 kila mtu kwenye mnyororo alikuwa na mkataba wenye hesabu ya makuta. Mtu mmoja tu hakuwa nao: yule anayegongwa mabega.

Mwaka 2021 mchezaji alipata nini? Alipata bourse: masomo, chumba, chakula, mwalimu, mganga. Siku ya bowl aliruhusiwa kupewa zawadi, lakini sheria ya NCAA, ile shirika linalotawala michezo ya iniversite, iliweka kikomo: zawadi za bowl zisipite dola 550. Ni koti, saa ya mkononi, vyombo vya kusikilizia miziki. Wandugu wa kazi mnakumbuka ule mfuko wa unga na kuku wa Noeli ambao kampani zingine zinatoa na kupiga picha. Ni vilevile.

Mwalimu anapata nini? Mikataba ya walimu wengi inasema wazi: ukifikisha ekipe kwenye bowl, kuna prime juu ya mshahara. Na mishahara yenyewe! Mwisho wa Novemba mwaka huu iniversite ya LSU ilimwajiri mwalimu Brian Kelly kwa miaka 10, dola milioni 95. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtu wa Serikali anayelipwa kupita wote si gavana wala mkubwa wa hospitali, ni mwalimu wa mpira wa iniversite.

Sikieni na hii. Fresno State waliopiga Miners walikuja bowl bila mwalimu wao. Kalen DeBoer alikwisha kwenda Washington mwisho wa Novemba, kwa mwajiri mkubwa zaidi, mbele ya mechi ya mwisho. Watu walisema: ni mtu mzima, anatafuta maisha. Vizuri. Lakini mchezaji, mpaka mwaka huu, akihama iniversite alipaswa kwa kawaida kukaa mwaka mzima bila kucheza, na watu walimwita msaliti. Ndipo Aprili 2021 NCAA ilikubali mchezaji wa mpira huu ahame mara moja bila kuazibiwa. Mkubwa akihama ni kazi, mdogo akihama ni kosa. Tunaijua nyimbo hii.

Jina la kazi

Namna gani mtu anatumika mbele ya televisheni ya nchi nzima na bado haitwi mfanyakazi? Kwa kupewa jina lingine. Kule wanaitwa «mwanafunzi-mwanamichezo». Neno zuri, lenye heshima. Lakini lina historia yake.

Mwaka 1955, kwenye jimbo la Colorado, mchezaji Ray Dennison wa chuo cha Fort Lewis aliumia kichwa uwanjani, akafa. Mjane wake akaomba malipo ambayo jamaa ya mfanyakazi aliyekufa kazini inapewa. Mahakama kubwa ya jimbo ikamkatalia 1957: mume wako hakuwa mfanyakazi. Katika miaka ile NCAA ilisambaza neno «mwanafunzi-mwanamichezo» kila mahali. Mkubwa wao wa wakati ule, Walter Byers, alipokuwa mzee aliandika katika kitabu chake kwamba walilitunga neno hilo kwa woga wa kuona wachezaji wakiitwa wafanyakazi. Hatusemi sisi, amesema mwenyewe.

Na pale pale Texas, jimbo la Miners: Kent Waldrep, mchezaji wa iniversite ya TCU, alivunjika shingo kwenye mechi ya 1974, akabaki hatembei. Mwaka 1993 ofisi ya ajali za kazi ilisema alipwe kama mfanyakazi. Kampani ya assurance ikakataa, ikaenda mahakamani, na mwaka 2000 mahakama ikasema: hapana, hakuwa mfanyakazi. Miaka 26 kisha ajali.

Wandugu, sisi hapa tuna majina mangapi ya namna hiyo? Journalier. Temporaire. Stagiaire. Mtu wa sous-traitance. Wote wanashuka kwenye shimo moja, wanavuta vumbi moja, mashine moja inaweza kuwaponda. Lakini siku ya ajali, mbele ya kuangalia mguu wako, wanaangalia kwanza jina kwenye karatasi.

Mwaka wa milango mitatu

Mwaka huu huu ambao Miners wamerudi, milango mitatu imefunguliwa kwa wachezaji. Tuiangalie moja moja, juu iko na mafundisho.

Mlango wa kwanza, tarehe 21 Juni. Mahakama kubwa ya Marekani, majaji wote 9 pamoja, walisema NCAA haina haki ya kuzuia iniversite kutoa misaada zaidi inayohusu masomo. Jaji mmoja, Brett Kavanaugh, aliongeza kwamba NCAA haiko juu ya sheria, na kwamba kampani ingine ikipatana na wenzake ili isilipe watu wake, ingekuwa na kesi.

Mlango wa pili, tarehe 1 Julai. Wachezaji wameruhusiwa kuuza jina lao na picha yao, kwa publicité. Ni hatua. Nyota wa ekipe kubwa atakula vizuri. Lakini kijana wa mstari wa mbele wa El Paso, yule anayesukuma tu ili mwengine apite na balo, nani atanunua picha yake? Ni kama kampani ikuambie: mshahara hatukupi, lakini tunakuruhusu kuuza mandazi kwenye mlango wa mgodi.

Mlango wa tatu, tarehe 29 Septemba. Jennifer Abruzzo, wakati ule mwanasheria mkubwa wa ofisi inayosimamia sheria ya sendika kule, aliandika barua kwa ofisi zake zote: kwa maoni yake, wachezaji wa iniversite ni wafanyakazi, na kuwaita kwa jina lingine ili wasijue haki zao ni kosa. Sisi wa sendika tulisoma hiyo tukapiga mikono.

Lakini pale penye furaha, soma mpaka chini. Sheria hiyo ya sendika inahusu waajiri wa binafsi tu. UTEP ni iniversite ya Serikali ya jimbo. Na jimbo la Texas haliruhusu wafanyakazi wake wa Serikali kufanya mapatano ya pamoja na mwajiri, isipokuwa wachache kama polisi na wazima-moto. Basi wachezaji wawili wanaweza kugongana kwenye uwanja mmoja, saa moja, mbele ya televisheni moja. Mmoja barua ya Abruzzo ilimfikia, mwengine haikumfikia. Mnaona? Ni sous-traitance ya sheria.

Na hata kwa wale wa binafsi njia ni ndefu. Mwaka 2014 wachezaji wa Northwestern, karibu na Chicago, walikubaliwa na ofisi ya kazi ya mkoa kwamba ni wafanyakazi. Wakapiga kura ya sendika. Karatasi zikafungwa kwenye sanduku. Mwaka 2015 wakubwa wa Washington wakasema hawaingilii mambo hayo. Kura zile hazikuhesabiwa hata siku moja.

Posho

Kuna watu watatujibu, na jibu lao si la upuzi. Watasema: kijana anapata masomo ya bei kali, anatoka na diplome, wengine wanalipa deni miaka 20. Watasema pia: iniversite kama UTEP haitajiriki na mpira, sehemu ya makuta ya michezo inatoka kwa wanafunzi wengine wanaolipa minerval. Ni kweli. Makuta makubwa yako kwa ekipe kubwa, na kwa televisheni. Hatuwezi kusema mwalimu mkubwa wa masomo ya El Paso amekaa juu ya gunia la dola.

Lakini sisi watu wa Katanga tuna neno moja la kale linalojibu: posho. Union Minière ilitoa posho, nyumba, masomo ya watoto, hospitali. Kisha Gécamines ikaendelea. Wazee walikuwa wakisema kampani njo baba, njo mama. Hatucheki wazee. Posho ile ilikomaza wengi wetu. Lakini posho ni kitu anachokupa mwenye nguvu kadiri anavyopenda, na siku akichoka inakwisha. Mwaka 2003 na 2004, zaidi ya watu 10.000 wa Gécamines walitoka kwa ile iliyoitwa kuondoka kwa mapenzi. Siku hiyo watu walijua tofauti ya baba na mwajiri. Baba hakutolei solde ya mwisho.

Bourse ni posho. Ni nzuri, tena inaweza kubadilisha maisha. Lakini haisemi utakuwa nani siku goti likivunjika kwa maisha yote. Na hesabu ya masikini haikatazi haki: iniversite isiyo na makuta mengi inaweza kulipa kidogo, lakini kidogo kilichoandikwa, chenye assurance ya ajali, kinapita zawadi ya dola 550 iliyokuwa inatolewa kwa tabasamu.

Uwanja wa mpira, miaka 80

Wengine watatuuliza: sendika inatafuta nini kwenye uwanja wa mpira? Mwezi huu wa Desemba tuna jibu letu wenyewe. Tarehe 9 Desemba 1941, hapa Lubumbashi, Elisabethville ya wakati ule, wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa kwenye grève ya mishahara walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa camp. Léonard Mpoyi alisema kwa ajili yao. Askari wakapiga risasi. Mpoyi alikufa, na makumi ya wengine pamoja naye. Mwaka 2021 ilitimia miaka 80. Uwanja ambao kampani ilitayarisha ili watu wacheze na kusahau, njo pale watu walisimama na kudai.

Kwa hiyo tukiona Wachimbaji wa El Paso wakirudi, tunawapigia mikono kwa moyo wote, na tunawaambia neno lile lile tunalowaambia vijana wetu wa posti ya usiku. Saa ya kudai ni saa unapohitajiwa. Miners wa 2017 waliopigwa 12, nani angewasikiliza? Miners wa 2021, mji mzima unavaa rangi zao. Mwaka ujao wakipigwa tena, mlango utakuwa umefungwa.

Na sisi? Bei ya shaba na ya kobalti ilipanda mwaka 2021, malori yakapanga mstari usiku na mchana. Njo bowl yetu hii. Wengi wetu tuna karatasi zinazokwisha tarehe 31 Desemba. Mbele ya kutia sahihi mpya, wandugu, fanyeni mambo matatu.

La kwanza: hesabuni siku zenu. Code du travail ya 16 Oktoba 2002, kifungu cha 40, inasema journalier aliyetumika siku 22 katika miezi miwili, wakimwajiri tena mbele miezi hiyo haijaisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa muda usio na mwisho. Andikeni siku kwenye kaye, musiache pointage mikononi mwa kapita peke yake.

La pili: someni jina lililoandikwa kwenye mstari wa kazi. Ukiendesha mashine na karatasi inasema «manœuvre», siku ya ajali utalipwa kama manœuvre. Mama wa nyumba nao wasome. Mjane wa Dennison alijua neno lile wakati ilikuwa kuchelewa.

La tatu: musitie sahihi mmoja mmoja. Mwiteni délégué, njooni pamoja. Ekipe ya El Paso haikufika Albuquerque kwa mbio za mtu mmoja, ilifika kwa sababu wale wa mstari wa mbele walisukuma pamoja hata msimu wa sifuri.

Yule kijana wa telefone, karatasi yake nayo inakwisha tarehe 31. Jana alituletea kaye yake ya siku za kazi. Tulihesabu pamoja, mara mbili: 26.